Dhiki Peke Yake Haimkuzi Mtu

Jumamosi jioni, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa mjini Moshi wakigombea kukanyaga mafuta. Yalikuwa mafuta ya upako, yamemwagwa chini kwenye uwanja wa mkutano, na waliokuja waliamini kwamba kuyakanyaga ni kupokea uponyaji na baraka. Umati ukasukumana, wa mbele wakaanguka, wa nyuma wakapita juu yao. Miongoni mwa waliokufa walikuwemo watoto.

Miaka mitatu baadaye, Aprili 2023, polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili iliyotolewa ilipita 400. Waendesha mashtaka wanadai waumini waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Mchungaji aliyeshtakiwa, Paul Makenzie, alikana mashtaka.

Mtu akiyatazama haraka atasema mambo haya mawili yako mbali kama mbingu na ardhi. Huku watu walikimbia mateso, kule inadaiwa waliyakimbilia. Mimi nayaona ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanajibu swali lilelile ambalo kila Mkristo mwenye mgonjwa ndani, deni dukani au kaburi bichi nyuma ya nyumba anajiuliza: haya yanayonipata yana kazi gani? Jibu la kwanza linasema hayana kazi yoyote, ni uchafu wa kufutwa kwa tendo moja la imani. Jibu la pili linasema mateso ndiyo nauli yenyewe ya kwenda mbinguni, kadiri yanavyozidi ndivyo unavyokaribia. Katika majibu yote mawili hakuna nafasi ya mtu kukaa na taabu yake macho wazi, akiwa na wenzake, akiwa na Mungu, bila kujua itakwisha lini.

Msimamo wangu, ambao najua wachungaji kadhaa hawataupenda, ni kwamba dhiki haina uwezo wa kumkuza mtu kiroho. Sote tunawajua watu ambao dhiki iliwafanya wakali, wachoyo na waongo. Tunazijua familia ambazo msiba mmoja ulimwingiza dada kanisani na kumtoa kaka moja kwa moja. Anayekua ni yule aliyepata mahali pa kuisema dhiki yake kama ilivyo, mbele za Mungu na mbele ya watu wasiomkimbia. Mahali hapo, katika makanisa yetu yenye spika kubwa na kwaya tano, pamekuwa haba.

Tuanze na Maandiko, maana ndiko tunakojificha. Hakuna maneno tunayowapa wenye shida kwa wepisi kama haya: "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." Tunayaandika nyuma ya daladala, tunayatuma WhatsApp saa tano usiku, tunayasema wodini tukiwa tumesimama, mkono mmoja umeshika funguo za gari. Na tukiulizwa yametoka wapi, tunataja 1 Wakorintho 10:13. Fungua uisome. Paulo anazungumza habari za Waisraeli jangwani, walioabudu sanamu, wakazini, wakanung'unika, na anawaambia Wakorintho kwamba kishawishi cha kutenda dhambi hakitawazidi, daima kuna mlango wa kutokea. Hazungumzii saratani. Hazungumzii mtoto aliyezama mtoni.

Alipokuja kuzungumza habari za mateso, katika waraka wa pili kwa watu walewale, Paulo aliandika kinyume kabisa: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Ni mtume huyo, mwandishi wa sehemu kubwa ya Agano Jipya, anakiri kwa barua itakayosomwa kwa sauti mbele ya kusanyiko kwamba mzigo ulimzidi. Na anatanguliza kwa kusema hapendi ndugu zake wasijue. Hakusubiri yapite yote ndipo aandike kwa raha. Sentensi hiyo ikisemwa leo na mwalimu wa Jumapili katika sharika nyingi ninazozijua, ataitwa pembeni baada ya ibada aombewe.

Halafu kuna Warumi 5, mnyororo tunaoupenda: dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, uthabiti wa moyo huleta tumaini. Tumeufundisha kana kwamba ni kanuni ya hesabu, kwamba ukiingiza dhiki upande huu, tumaini linatoka upande ule. Lakini Paulo hakuuacha mnyororo ule uning'inie hewani. Kabla yake ameweka amani na Mungu kwa njia ya Kristo, na baada yake pendo la Mungu lililomiminwa mioyoni kwa Roho Mtakatifu. Na anasema "sisi" mwanzo hadi mwisho. Toa hayo matatu, yaani amani, pendo na wenzako, na kinachobaki ni dhiki tupu, ambayo kazi yake tunaijua mitaani: inaleta shinikizo la damu.

Sasa tazama tunachofanya Jumapili. Kipindi cha ushuhuda kina sheria ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu anaifuata. Maiki anapewa aliyevuka. Aliyepona, aliyepata kazi, aliyepata viza, aliyezaa baada ya miaka saba. Anasimulia shida yake kwa muda mfupi, tena kwa kuipamba kidogo ili muujiza uonekane mkubwa, kisha anafika kwenye "lakini Mungu" na kanisa linalipuka kwa vigelegele. Sina neno na vigelegele. Shida ni kwamba mtu aliye katikati ya jambo lake hana sentensi ya kumalizia. Mume bado anakunywa. Kipimo bado kinasoma vilevile. Huyo anajifunza, Jumapili baada ya Jumapili, kwamba habari yake bado haijaiva, akae nayo kwanza. Wengine hukaa nayo miaka ishirini, wakipiga makofi kwa habari za wenzao, na moyoni wameshahitimisha kwamba Mungu anawapenda wale wa mbele.

Wahenga walishasema mficha uchi hazai. Kanisa limejenga utaratibu mzima wa kuficha uchi, halafu linashangaa utasa.

Kitabu cha Zaburi hakikufuata utaratibu huo. Sehemu kubwa yake, pengine theluthi nzima, ni malalamiko: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Nyingi hugeuka mwishoni na kuingia katika sifa, na hizo ndizo tunazozisoma. Zaburi ya 88 haigeuki. Inaanza na kilio na kumalizikia gizani, rafiki na jamaa wametengwa, basi. Wazee waliokusanya zaburi zile waliiacha vilevile, wakaiweka katika kitabu cha kuimbwa hekaluni. Walijua kwamba kuna wiki ambazo sala ya mtu inafika hapo na haiendi mbele, na kwamba hiyo nayo ni sala. Sijawahi kuisikia ikisomwa kwenye ibada kuu. Mtu akiniambia kwake inasomwa, nitafurahi.

Mahali ambapo bado tunajua kukaa na mwenye dhiki ni msibani, na hata hapo tunajua nusu tu. Fikiria msiba wowote wa mjini, wa mtu wa kawaida. Turubai limefungwa kuanzia kwenye nguzo ya umeme hadi mwembe wa jirani. Wanaume wako kwenye viti vya plastiki, sauti chini, mmoja ana daftari la rambirambi na kalamu. Ndani, samani zimetolewa, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, na mfiwa ameketi pembeni kajifunga khanga. Anaingia mama mmoja, anavua kandambili, anamwendea kwa magoti, anamshika, wanalia. Hasemi neno zaidi ya pole. Kisha anaketi. Baada ya muda anainuka, anakwenda uani kuosha vikombe, na usiku analala palepale kwenye mkeka. Kesho yake yupo.

Huyo mama amefanya theolojia nzuri kuliko mahubiri mengi. Marafiki watatu wa Ayubu walianza kama yeye: walilia, wakararua mavazi, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, na hakuna aliyemwambia neno lolote, kwa kuwa waliona kwamba huzuni yake ni kubwa mno. Laiti wangeishia hapo. Lakini kwetu pia, ikifika saa sita mchana, msemaji anamkaribisha mtumishi, mtumishi anashika maiki, na tunaanza kuambiwa kwamba Mungu amechuma ua lake zuri kuliko yote, kwamba marehemu alihitajika mbinguni, kwamba tujiulize tumekosea wapi. Ni sura ya nne ya Ayubu na kuendelea, neno kwa neno. Elifazi na wenzake walikuwa na maelezo yenye mantiki, yenye aya, yenye heshima kwa Mungu. Ayubu alikuwa na makelele na madai, akitaka Mungu aje wasimame pamoja hukumuni. Mwisho wa kitabu, Bwana anamwambia Elifazi kwamba hasira yake inawaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa habari zake kama alivyonena Ayubu. Aliyelalamika ndiye aliyesema sawa. Waliomtetea Mungu ndio walioambiwa wakachinje ng'ombe saba na kondoo waume saba kwa ajili ya makosa yao.

Nasema haya nikijua pingamizi litakalokuja: kilio kikiachiwa kinageuka uchungu, na uchungu unaua imani. Ni pingamizi la maana, na jibu lake siwezi kulitoa hewani. Nalichukua kwa jirani zetu.

Festo Kivengere si mgeni kwa Watanzania wa rika fulani. Alizaliwa Kigezi, Uganda, mwaka 1919, akafundisha miaka mingi katika shule ya Alliance, Dodoma, ile iliyokuja kuitwa Mazengo, na mhubiri wa Kimarekani Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960, aliyesimama kando yake akimtafsiri kwa Kiswahili alikuwa yeye. Alikuwa mtu wa Uamsho, lile vuguvugu la toba na wokovu lililoanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kusambaa Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi. Wanauamsho walikuwa na desturi waliyoiita kutembea nuruni. Walikutana majumbani, bila padri kulazimika kuwepo, na mtu akasema wazi lililomo moyoni mwake: nimeiba, nimemchukia fulani, sina amani. Wenzake hawakushtuka. Waliimba Tukutendereza, wimbo wao wa sifa, wakaendelea. Kivengere mwenyewe, alipookoka, aliona hana budi kumwendea mmisionari Mwingereza aliyemchukia na kumwomba radhi, na alikwenda kwa baiskeli, safari ndefu.

Desturi hiyo ilikuwa na makosa yake. Wengine waliigeuza polisi wa roho, wakapima wokovu wa mtu kwa idadi ya dhambi alizotaja. Na nchini Kenya, wakati wa Mau Mau, wanauamsho wengi walikataa kiapo na wakakataa pia bunduki za serikali, baadhi yao wakauawa, lakini wapo Wakenya wanaouliza mpaka leo kwa nini watu wale waliotubu wizi wa kuku hawakuwa na la kusema juu ya wizi wa ardhi. Swali ni la haki. Hata hivyo, desturi ile ilikuwa inamfunza mtu jambo moja la msingi, yaani kutoogopa kusikika.

Februari 1977 ilikuja kuipima. Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Uganda, Janani Luwum, Mwacholi aliyeokolewa katika Uamsho huohuo mwaka 1948, alipekuliwa nyumbani kwake usiku wa Februari 5 na askari wa Idi Amin waliodai wanatafuta silaha. Maaskofu wakamwandikia Rais barua ya kulalamikia mauaji na unyanyasaji wa raia. Februari 16 waliitwa Kampala, wakasimamishwa juani, wakasomewa tuhuma huku askari wakipiga kelele wauawe. Baadaye Luwum akaambiwa Rais anamhitaji. Hakurudi. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Mwili ulipelekwa moja kwa moja kijijini kwao Mucwini. Kampala, waumini walikusanyika kwenye kanisa kuu la Namirembe, penye kaburi lililochimbwa na ambalo halikupata maiti.

Kivengere, aliyekuwa Askofu wa Kigezi na aliyekuwepo siku ile, alivuka milima kwa miguu usiku pamoja na mkewe Mera, wakaingia Rwanda. Hapa ndipo kisa kinaponihusu. Kwa kanuni zetu za leo alikuwa tayari na ushuhuda kamili: Mungu amenitoa mikononi mwa muuaji, haleluya. Kila kanisa Ulaya na Marekani lilikuwa tayari kumsikiliza akisema hivyo. Yeye alisema jingine. Alisimulia kwamba uhamishoni aligundua chuki dhidi ya Amin inakua ndani yake, kwamba roho yake ilikuwa inakauka huku watu wakimsifu kwa ushujaa, na kwamba Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo, ameketi kanisani London, alipofikiri maneno ya Yesu msalabani kuwaombea waliomsulubisha, alijua kwamba yeye hajawahi kumwombea Amin hivyo. Akatubu. Kisha akaandika kitabu ambacho jina lake liliwaudhi wengi, kwamba anampenda Idi Amin.

Angalia mpangilio. Dhiki ilikuwa imemletea chuki, wala hapana uthabiti hapo. Kilichoigeuza ni kwamba mtu huyu alikuwa amezoea, kwa zaidi ya miaka thelathini, kuyasema ya moyoni kwa majina yake halisi. Angekuwa amelelewa katika kanisa linalompa maiki aliyevuka tu, angeificha chuki ile nyuma ya ushujaa, na watu wangempigia makofi mpaka afe. Alirudi Uganda mwaka 1979, Amin alipoanguka, akiwa na kazi ya kuhubiri msamaha kwa watu waliokuwa na kila sababu ya kuukataa, na aliifanya hadi alipofariki Nairobi mwaka 1988.

Kisa cha pili hakijulikani sana kwa wasomaji wa Kiswahili, ingawa kilitokea hapa jirani. Buta ni seminari ndogo ya Kikatoliki eneo la Bururi, kusini mwa Burundi. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, nchi iliingia katika mauaji ya Wahutu na Watutsi, na shule nyingi ziligawanyika, wanafunzi wakawindana mabwenini. Gombera, yaani mkuu wa seminari ya Buta, Padri Zacharie Bukuru, alichukua njia ambayo wazazi wengi wangeiogopa. Badala ya kupiga marufuku mazungumzo ya kabila, aliyafungulia mlango. Vijana waliambizana wanachokiogopa, nani kauliwa kwao na nani anadhaniwa kaua, wakabishana, wakasali, wakacheza ngoma na mpira pamoja. Miaka mitatu na zaidi.

Alfajiri ya Aprili 30, 1997, waasi waliivamia seminari, wakaingia bwenini na kuwaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana walikataa. Wakaamriwa tena, wakakataa tena. Arobaini waliuawa.

Kijana wa kidato hawezi kuvumbua ujasiri wa namna hiyo saa kumi na moja na nusu asubuhi, ametoka usingizini, kuna mtutu mbele yake. Ulikuwa umeshajengwa Jumanne za kawaida, katika vikao vya kuchosha vya kusikilizana. Ndiyo maana siwezi kusema vita iliwakuza. Vita hiyohiyo, katika shule nyingine za nchi hiyohiyo, iliwafanya vijana wa umri huohuo kuwa wauaji.

Na asije mtu akadhani ukuaji wa namna hii unarithiwa kama shamba. Gahini iko Rwanda. Nchi iliyozaa Uamsho ndiyo iliyoshuhudia, mwaka 1994, watu wakichinjwa ndani ya makanisa ya Ntarama na Nyamata, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mchungaji, Elizaphan Ntakirutimana, kwa kusaidia mauaji ya kimbari. Wajukuu waliimba Tukutendereza kwa sauti nzuri sana. Wimbo ulibaki, kutembea nuruni kulikoma katika lile jambo moja ambalo hakuna aliyethubutu kulitaja: kabila.

Liko jambo lingine linalonikera katika mafundisho yetu ya dhiki, nalo ni jinsi yanavyowapendelea wanaosababisha dhiki. Mama anapigwa na mumewe, anakwenda kwa mchungaji, anaambiwa vumilia mama, Mungu anakupitisha kwenye tanuru. Mfanyakazi wa ndani halipwi miezi minne, anaambiwa Yusufu naye alikuwa mtumwa. Mjane kitanda chake kimechukuliwa na kuuzwa na wenye mikopo ya riba kali, kausha damu, anaambiwa majaribu ni mtaji. Haya ni maneno ya kikatili yaliyovishwa kanzu. Saburi inayoongelewa na Yakobo ni ya mtu aliyekwama katika asiloweza kuliondoa. Haimlazimishi mtu kukaa katika analoweza kuondokana nalo, wala haimzuii mwenzake kumvuta atoke. Luwum alikuwa mtu wa sala na msamaha, na barua ya malalamiko aliitia sahihi. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, Yohana anasema aliuliza: "Wanipigia nini?" Mama huyo anahitaji dawati la jinsia kituo cha polisi, mahali salama pa kulala, na mtu wa kanisani wa kwenda naye. Tanuru la imani litamkuta hukohuko, hatuna haja ya kumchochea kuni.

Ukiniuliza tufanye nini, sina mradi mkubwa. Chombo tunacho tayari. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo tangu miaka ya 1970, Walutheri wana jumuiya zao, Waanglikana wana nyumba kwa nyumba, na wengi wetu tunafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumamosi tukiwa na usingizi. Kinachofanyika pale ni wimbo, somo lililosomwa harakaharaka, halafu michango. Mchango wa harusi, bahasha ya jengo, deni la mchango uliopita, rafiki wa kwaya. Nusu saa ya michango na dakika mbili za "mwenye hitaji la maombi," ambapo tunasikia afya, safari, masomo ya watoto, basi. Aliyefiwa na mume miezi mitatu iliyopita anatoa elfu tano zake na kuondoka. Watu kumi na wawili wanaojuana kwa majina, sebuleni kwa mtu, kila wiki: Uamsho wote haukuwa na zaidi ya hicho.

Wapo watakaosema ya moyoni ni ya Mungu peke yake, mtu afunge mlango aombe kwa siri. Wana aya yao. Mimi nawakumbusha Gethsemane. Mwana wa Mungu, aliyekuwa na uhusiano na Baba usio na kasoro, aliwachukua watu watatu na kuwaambia kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami. Alitaka watu. Walilala, naye akarudi kuwaamsha, mara ya pili, mara ya tatu. Kama yeye hakuona aibu kuomba kampani, sijui sisi tunajifanya tuna imani ya namna gani.

Na wa kuanza naye pengine ni mchungaji mwenyewe. Huyo ndiye mwenye maiki wiki nzima na ndiye asiye na mahali pa kusema. Anazika, anapatanisha, anadaiwa ada, mkewe anaumwa, na waumini wanamtaka atabasamu. Tumemfundisha kwamba mtumishi akilia kundi litatawanyika. Mzee wa kanisa mwenye ujasiri aende kwake siku ya kazi, si Jumapili, afunge mlango wa ofisi, amuulize hali yake. Akijibu "namshukuru Mungu," amuulize tena.